Bariyeri ya mvua: nani alichunga barabara zetu, na nani alimlipa?



Mmoja wetu anayekaa Ubelgiji alitutumia picha juzi: yeye na sepetu mkononi, anasukuma theluji mbele ya nyumba anayopanga. Watu walicheka sana. Mimi nilimuuliza swali moja tu: nani anakulipa? Akajibu: hakuna mtu, ni sheria. Katika komini nyingi za kule, theluji ikianguka, mwenye kukaa kwenye nyumba anapaswa kusafisha njia ya miguu mbele ya mlango wake. Lakini barabara yenyewe, pale magari yanapita, si kazi yake. Hiyo ni kazi ya serkali. Kamiyo za chumvi zinatoka usiku, na wale wanaoziendesha wanapata mshahara mwisho wa mwezi.

Jibu hilo limenikaa kichwani siku nyingi, juu ya sisi pia tuko na majira yetu mabaya. Theluji tunaiona kwa mbali tu, kule Ruwenzori, asubuhi mbingu ikiwa safi, ukisimama Beni ao Mutwanga. Wazee waliita nzururu. Kilele cha Margherita kinafika mita 5,109 na hakuna kamiyo inayopita kule. Sisi adui yetu ni mvua. Kuanzia mwezi wa tatu mpaka wa tano, kiisha tena kuanzia mwezi wa nane mpaka karibu na Noeli, maji ndiyo yanaamua kama kabichi ya Masereka itafika sokoni ao itaoza njiani, kama mama mjamzito atafika maternité ao atazalia kwenye pikipiki.

Kwa hiyo nilianza kuulizia wazee na kusoma kidogo juu ya swali hilo moja: wakati wa mvua, nani alipaswa kuchunga barabara, na nani alimlipa? Nadhani ukilifuata tangu wakati wa Wabelgiji mpaka leo, unaelewa vizuri kwa nini watu wa Mususa wanafunga mlango wakisikia filimbi ya salongo.

Kwanza niseme kama mtu wa agronomi. Barabara ya udongo ni sawa na shamba la mlimani: haiuawi na mvua, inauawa na maji yanayotembea. Ndiyo maana waliochonga barabara za zamani waliinua katikati kidogo, kila mita moja ukienda pembeni unashuka sentimita 3 mpaka 5 hivi, ili maji yaanguke kwenye kanivo. Kutoka kwenye kanivo kuna mikato inayoyatoa maji na kuyatupa porini ao kwenye majani. Mkato mmoja ukiziba kwa tope na matawi, maji yanarudi barabarani, yanafuata alama za magurudumu, yanachimba. Kamiyo ya kwanza inapanua ile alama. Ya pili inaifanya shimo. Ya tatu inalala pale, na hiyo sasa ni burbiye. Jembe moja kwa dakika kumi lingezuia hayo yote, kama lingefika siku ile ile. Kazi ni ndogo, lakini haingoji, na inataka mtu anayejua maji ya pahali pale.

Barabara kubwa ya kwetu, ile inayopanda Kabasha, inapita Kanyabayonga, Lubero, Butembo mpaka Beni, ilichongwa kwa nguvu za mikono. Wabelgiji walikuwa na sababu zao: kahawa, dhahabu, mashamba ya makoloni kule milimani. Kazi ya kuichunga waliwawekea wenyeji. Dekreti ya tarehe 5 Desemba 1933 juu ya shefferi ilitia kwenye sheria kazi za lazima za vijijini, mpaka siku 60 kwa mwaka kwa kila mwanaume mwenye nguvu. Wakati wa vita, katika 1942, siku hizo zilipanda mpaka 120. Hesabu mwenyewe: ni theluthi moja ya mwaka. Na siku hizo hazikuchaguliwa na mkulima. Mvua ikianza, ndiyo wakati wa kupanda maharagi, na ndiyo wakati barabara inabomoka. Kapita alikuja asubuhi ile ile.

Bibi moja mzee wa kwetu, ambaye ameshatuacha, alikuwa akisema kwamba wanaume wa wakati ule walitambua msimu kwa kukimbia: mvua ya kwanza ikipiga, wanapanda mlimani kujificha. Nawaomba mshike jambo hilo. Kazi ya barabara iliingia kwetu kama adhabu, mbele ya kuwa huduma.

Lakini pembeni ya kazi ya lazima kulikuwa na jambo lingine, na ndilo ninapenda kukaa juu yake: kantonye.

Babu yangu, baba ya mama, alikuwa kantonye upande wa Musienene tangu miaka ya 1950. Kantonye alikuwa mtu mmoja aliyepewa kipande chake cha barabara, kilomita moja ao mbili hivi, na mshahara. Alikuwa na jembe, panga, sepetu na toroli. Alikaa karibu na kipande chake, na kila mtu alijua ni chake. Ukipita na baiskeli na kukuta shimo, ulijua jina la kuuliza. Kazi yake ilikuwa kukata majani, kufungua mikato, kuziba mashimo madogo kwa moramu mbele hayajawa makubwa, na kuangalia madaraja ya mbao.

Mama yangu anakumbuka kwamba babu hakungoja mvua iishe. Alivaa gunia kichwani akatoka ndani ya mvua yenyewe. Walimwona kama mtu asiye na akili nzuri. Yeye alieleza hivi: ukitafuta maji kiisha mvua, unakuta tope tu; ukiyatafuta ndani ya mvua, yanakuonyesha yenyewe pale yanataka kupita. Nilisoma hydraulique agricole muda wa mwaka mzima, na sijakuta profesa aliyeisema vizuri zaidi.

Pamoja na kantonye kulikuwa na bariyeri ya mvua. Vijana wa leo wakisikia neno bariyeri wanawaza askari, kamba na pesa. Ile ya zamani ilikuwa mti mrefu uliolazwa barabarani, jiwe limefungwa upande mmoja ili uinuke kwa urahisi, na mlinzi mmoja. Mvua ikinyesha, mti unashuka. Magari mazito yanangoja masaa mpaka barabara ikauke. Gari la wagonjwa linapita. Dereva anaweza kupiga honi mpaka jioni, mti haupandi. Watu walipika, walilala chini ya kamiyo, walizungumza. Wako watu walioana kwa sababu ya bariyeri, mama anasema, na sijui kama anatania. Muda huo wa kungoja uliponya barabara, juu ya kamiyo moja tu ikipita kwenye udongo uliolewa maji inaharibu kazi ya kantonye ya mwezi mzima.

Sitaki mtu aseme nasifu ukoloni. Mshahara wa babu ulikuwa mdogo, na barabara haikuchongwa kwa ajili yake. Nasema tu kwamba kati ya njia zote zilizojaribiwa kwetu, hiyo ya mtu mmoja, kipande kimoja, mshahara mmoja, ndiyo iliyoshika.

Kiisha uhuru, na kiisha fujo za miaka ya 1960, serkali ilitaka kupanga mambo upya. Tarehe 26 Machi 1971 Office des Routes ilizaliwa, nyumba moja kwa barabara zote kubwa za inchi, ambazo hesabu yake rasmi ni kilomita 58,129. Wazo lilikuwa zuri. Lakini miaka miwili mbele, tarehe 30 Novemba 1973, Mobutu alitangaza zairianisation. Kiisha bei ya shaba ikaanguka, na pesa za serkali zikaanguka pamoja nayo. Mashine kubwa zinataka mafuta na vipuri vinavyonunuliwa kwa dola. Jembe linataka mtu tu, lakini mtu naye anakula. Zaire, pesa yenyewe, ilipoteza nguvu mpaka mshahara wa mtumishi yeyote wa chini ukawa jambo la kuchekesha. Babu alifanya hesabu yake akarudi kwenye shamba la kabichi. Hakufukuzwa na mtu. Toroli ilibaki nyuma ya jiko ikaliwa na kutu.

Pahali pa mshahara palikuja salongo. Ninyi wote mnajua neno: kazi ya pamoja ya lazima, mara nyingi Jumamosi, kila raia na chombo chake. Kwenye redio ilikuwa upendo wa inchi. Vijijini ilikuwa amende kwa yule asiyekuja, na wakati mwingine kashoti. Wazee waliokimbia kapita wa Wabelgiji walimtambua mara moja kapita huyu mpya, hata kama alivaa abakosti. Na kwa upande wa kazi yenyewe, angalia: watu mia moja siku moja kwa wiki hawawezi kufanya kile mtu mmoja anafanya kila siku. Mvua hainyeshi Jumamosi peke yake. Watu mia walikwangua majani pembeni ili kiongozi akipita aone usafi. Mikato haikufunguliwa, juu ya hakuna aliyejua iko wapi. Salongo ilikuwa ya wote, kwa hiyo barabara haikuwa na mwenyewe.

Hapo ndipo wafanyabiashara wa Butembo wanaingia kwenye historia. Katika miaka ya 1970 na 1980 mboga za milima yetu, maharagi, viazi, vitunguu, zilienda mpaka Kisangani, zaidi ya kilomita 700, kupitia Mambasa na Niania ndani ya pori. Wakati wa mvua safari hiyo ilikula wiki, kamiyo nyingine zilikaa zaidi ya mwezi. Boy-shofere walibeba mbao, minyororo na majembe kama sehemu ya mzigo. Kwenye burbiye kubwa vijana wa kijiji walingoja na sepetu zao, bei inajadiliwa pale pale, na mwenye mali alilipa. Unaweza kuwaza kwamba huyo ndiye kantonye mpya. Hapana. Kantonye alilipwa shimo lisipoonekana. Kijana wa burbiye analipwa shimo likiwepo. Nani atamaliza shimo linalomlisha?

Wafanyabiashara walichangia pia kutengeneza vipande vizima vya barabara, kwa kupitia shirika lao, na hasa wakati serkali ilipokuwa haionekani kabisa. Butembo tunajisifu kwa jambo hilo: tumejijenga wenyewe. Mimi nasema ni kweli nusu. Pesa hizo zilifungua barabara. Kufungua barabara kunavutia: kuna mashine, kuna picha, kuna hotuba na soda. Kuchunga hakuna picha. Kila mara walifungua, na hakuna mtu aliyeachwa nyuma na jembe. Misimu miwili ya mvua ikipita, wanachangishwa tena.

Kiisha vita vikaja, tangu 1996, na neno bariyeri likageuka maana. Mti ule ule, kamba ile ile, lakini sasa haushuki kwa ajili ya mvua. Unashuka kwa ajili yako. Katika 2017 watafiti wa IPIS, shirika la Ubelgiji, walichapisha hesabu yao ya Kivu mbili, Kaskazini na Kusini: bariyeri 798. Nyingine za jeshi, nyingine za makundi yenye silaha, nyingine za watumishi wa serkali. Hata salongo iliibwa: kuna sehemu ambako wenye bunduki wanawalazimisha raia kazi ya kila wiki, na asiye na jeton analipa. Mlinzi wa zamani alizuia kamiyo ili barabara ipone. Huyu wa sasa anaruhusu kamiyo ya tani 30 ipite kwenye tope, mradi imelipa. Nikiwaza juu ya hili ninakasirika, niseme wazi.

Na tusidanganyane kwamba raia halipi. Sheria ya tarehe 7 Julai 2008 iliumba FONER, mfuko wa kuchunga barabara, unaopata pesa kwenye mafuta na kwenye péage. Yaani mwenye pikipiki ya Mususa akinunua litre yake, ameshachangia. Mama anayelipa usafiri wa viazi vyake amechangia kwa njia ya dereva. Kiisha filimbi inalia: toka na jembe lako. Ni malipo ya pili. Yule mwenzetu wa Ubelgiji anasukuma theluji yake bila kinyongo, juu ya anaiona kamiyo ya chumvi ikipita usiku. Mpaka uko wazi: mlango ni wako, barabara ni ya wale uliowalipa. Kwetu mpaka huo haujawekwa hata siku moja, tangu 1933.

Lakini nisipomaliza kwa upande wetu pia nitakuwa mwongo. Mitaa ya Mususa imepandana kwenye vilima. Kwa sheria, barabara na kanivo za miji ni kazi ya Office des Voiries et Drainage, iliyoumbwa katika 1987. Lakini maji ya paa yako, ya choo chako, ya kiwanja ulichofyeka na kusawazisha bila kuacha jani hata moja, hayo yanatoka kwako. Siku ya salongo tunafagia mbele ya parcelle na kusukuma uchafu ndani ya kanivo. Mvua ya kwanza inaurudisha kwa jirani wa chini, na yeye anamtukana meya. Tangi moja la kupokea maji ya paa, mstari mmoja wa majani pembeni ya parcelle, vingefanya kazi kuliko salongo kumi. Kama kuna "theluji" ambayo ni yetu kweli, ni maji hayo.

Huko vijijini kuna barabara nyingine ambazo hazimo ndani ya zile 58,129. Ni barabara za desserte agricole, karibu kilomita 87,000 katika inchi nzima, na ndizo zinazotulisha. Miradi imejaribu kurudisha kantonye kwa jina jipya: CLER, kamati za mahali za kuchunga barabara. Nilifuata kamati moja milimani, territoire ya Lubero. Wanawake na wanaume, kila mmoja na kipande chake, malipo kila mwezi. Msimu ule wa mvua Fuso zilipanda mpaka kijijini bila minyororo. Mradi ukaisha, malipo yakaisha. Niliporudi, mikato karibu yote ilikuwa imeziba, na nilikuta magunia ya viazi yamekaa siku ya tatu chini ya bâche, yameanza kunuka, na mnunuzi ameshusha bei mpaka mwenye mali hakutaka kuitaja.

Kipande kimoja tu kilikuwa kizima. Mama aliyekipewa alikuwa bado anakisafisha, bila franka hata moja. Nilimuuliza kwa nini. Alinionyesha kwa mkono: shamba lake la maharagi liko chini ya barabara, pale mkato unatupa maji. Akiacha mkato uzibe, maji yatavunja barabara juu na kuanguka yote siku moja kwenye shamba. Alipanda setaria pale maji yanapotokea, mistari mitatu, na ng'ombe wa jirani analipia majani hayo kwa samadi. Enjenyeri wa mradi hakuwa ameyapanga hayo. Tangu siku ile nawaambia watu: ukitafuta kantonye, tafuta kwanza nani ana shamba chini ya mkato, kiisha mlipe.

Tarehe 16 Juni 2021 marais wawili, Tshisekedi na Museveni, walikutana mpakani Kasindi na Mpondwe kuzindua kazi ya barabara za lami, kilomita 223: 80 za Kasindi–Beni, 54 za Beni–Butembo, na 89 za Bunagana–Rutshuru–Goma. Watu wengi kwetu wanaamini lami ikifika, hadithi ya tope imeisha. Lami ni kofia tu. Kanivo ikiziba, maji yanaingia chini yake, udongo unalewa, na kamiyo inaivunja kama ganda la yai. Tofauti ni kwamba shimo la moramu unaliziba na jembe, na shimo la lami huwezi. Kwa hiyo swali la kuwauliza wakubwa wetu wakija na hotuba ni hili: kati ya Beni na Butembo, kwenye zile kilomita 54, mmeweka mshahara wa kantonye wangapi, na nani anasaini?

Nimeanza kuandika orodha ya vipande vya zamani kati ya Butembo na Lubero, na kutoka Butembo mpaka Beni: jina la kantonye, kipande kilianza wapi na kuisha wapi, mikato ilikuwa upande gani, bariyeri ya mvua ilikuwa wapi. Nina kumi na moja mpaka sasa. Kama baba ao babu yako alikuwa mmoja wao, ulizia nyumbani mbele wazee hawajaondoka, na uniandikie. Mikato mingine iko bado pale chini ya majani, nimeshafukua miwili.